Mche na Pia: Maumbo ya Majengo ya Kilwa na Msamiati wa Uchoraji wa Kompyuta

Mstari ndio mwanzo wa ukuta. Kabla fundi mwashi hajaweka jiwe la kwanza, hupiga vigingi, akakaza kamba, akapima kwa dhiraa na shibiri. Na kile alichokichora chini, ambacho hakina kimo wala unene, ndicho kitakachoinuka kuwa chumba. Jambo hili ni la kale mno hata watu hawalifikirii. Lakini katika zama zetu limerudi kuwa suala la elimu, kwa sababu wahandisi na wasanifu wa majengo wameacha kwa sehemu kubwa wino na karatasi, na badala yake huchora kwa programu za kompyuta. Na programu hizo zimesimama juu ya kanuni ile ile ya fundi mwashi. Mtu huchora umbo bapa juu ya kioo, hulifunga pande zote, kisha huliamuru liwe gimba lenye urefu, upana na kimo. Vijana wengi wanaosomea kazi hiyo huzijua amri zake kwa Kiingereza tu, wakadhani kwamba mambo yenyewe ni mageni kama majina yake.

Nia ya makala haya ni kuyatazama majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani na jirani zake kwa jicho la kanuni hiyo, na kuyatumia kuwa ushahidi wa mambo mawili ambayo aghalabu hutenganishwa, yaani historia ya ufundi na historia ya maneno. Nitadai kwamba njia zile ambazo programu hutumia kuzaa gimba kutoka katika umbo bapa zilitendwa pwani hii kwa chokaa na matumbawe tangu karne ya 14, na kwamba Kiswahili kilikwisha kuzipa majina kabla ya kamati yoyote ya istilahi kukaa. Tena nitatahadharisha kidogo, maana chombo hiki kipya kimekwisha kutumika kuyachora upya magofu yetu, na mwenye kuchora gofu huandika historia, apende asipende.

Yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe kwa wasioijua. Mchoraji huchagua uso mmoja ulio bapa, kama vile sakafu au upande wa ukuta, akachora juu yake mistari na mapinde. Mistari hiyo hupewa masharti: huu uwe sawa na ule, hii miwili iende sambamba, hapa pawe pembe mraba, huu uwe na urefu wa kiasi fulani. Umbo likiisha kufungwa, ziko njia nne kubwa za kuliotesha. Ya kwanza ni kulisukuma moja kwa moja kutoka katika uso wake, lipite hewani na kuacha nyuma yake gimba lenye mkato ule ule mwanzo hata mwisho. Ya pili ni kulizungusha juu ya mhimili. Ya tatu ni kuliburura kufuata njia iliyopinda. Ya nne ni kuchora maumbo bapa mawili au zaidi katika nyuso zilizoachana, kisha kuifunika nafasi iliyo kati yao kwa ngozi moja laini. Baada ya hapo magimba huweza kuungwa pamoja, au moja likatumiwa kukata shimo katika jingine.

Katika njia hizo zote mstari sharti ujifunge. Mchoro wenye upenyo, hata uwe mwembamba kuliko unywele, hauzai gimba. Huzaa ganda tupu. Na katika njia ya kuzungusha, umbo halina ruhusa ya kukaa pande zote mbili za mhimili, kwa kuwa gimba litajipitia lenyewe.

Sasa tusikilize lugha. Mama aendaye dukani kununua sabuni ya kufulia huomba mche wa sabuni, naye hupewa kipande kirefu ambacho ukikikata popote utapata uso wa namna moja. Wataalamu wa hesabu wa Tanzania walipotafuta neno la gimba lenye mkato usiobadilika walilichukua neno hilo hilo, na ndiyo maana mtoto wa shule husoma mche mraba, mche mstatili na mche duara. Na kwa gimba ambalo mkato wake ni duara linalopungua hata kuwa ncha, walilichukua neno pia, yaani kile kitu cha mti ambacho watoto hukivingirishia uzi na kukirusha kizunguke. Ni uteuzi mzuri kuliko walivyojua wenyewe. Mche ni gimba la kusukumwa. Pia ni gimba la kuzungushwa. Pia ya mtoto huchongwa kwa kuzunguka, na hucheza kwa kuzunguka, wala haikosi mhimili hata siku moja. Tofauti ambayo programu huionyesha kwa vitufe viwili, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuionyesha kwa nomino mbili za nyumbani.

Elimu hii kwa upande wa vitabu ina nasaba ndefu. Euclid, katika kitabu cha kumi na moja cha Misingi yake, haiambii dunia kwamba tufe ni gimba ambalo nukta zote za uso wake ziko umbali mmoja kutoka katikati, kama tunavyofundisha leo. Asema tufe ni kile kinachopatikana nusu duara ikizungushwa juu ya kipenyo chake hata ikarudi ilipoanza. Pia huipata kwa kuzungusha pembetatu, na mche duara kwa kuzungusha mstatili. Basi maelezo yake ni maelezo ya mkereza, si ya mwenye kupima. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Harun al-Rashid na al-Ma'mun. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyefariki mwaka 998, aliandika kitabu kizima juu ya jiometri wanayoihitaji mafundi. Na al-Kashi wa Samarkand, katika Ufunguo wa Hesabu alioumaliza mwaka 1427, aliweka mlango wa kupima matao na kuba, ili mtu ajue kiasi cha vifaa na ujira kabla kazi haijaanza. Sisemi kwamba mafundi wa Kilwa walivisoma vitabu hivyo. Fundi hujifunza kwa kushika ncha ya pili ya kamba. Lakini walijenga katika ulimwengu ambao fikra hizo zilikuwa zikipita pamoja na bidhaa, na Ufunguo wa al-Kashi ulimalizika miaka michache tu baada ya Msikiti Mkuu wa Kilwa kujengwa upya.

Kilwa ilipata nguvu kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Mfalme al-Hasan bin Sulaiman, aitwaye Abu al-Mawahib, alitawala katika sehemu ya kwanza ya karne ya 14, na Ibn Battuta alimkuta hai alipofika mwaka 1331. Katika zama zake ndipo lilipoinuka jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, jumba ambalo halikupata kumalizika. Ndipo pia Msikiti Mkuu ulipoongezwa upande wa kusini kwa jengo kubwa kuliko msikiti wa kwanza, na paa lake likafanywa la kuba na matao badala ya boriti.

Tukitaka kuujua uzito wa badiliko hilo, hatuna budi kukumbuka boriti zilikuwa na amri gani. Nyumba ya mawe ya pwani huezekwa kwa miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Mti wa mkoko hauwezi kubeba uzito huo ukipita kiasi cha meta mbili na nusu au zaidi kidogo, na kwa hiyo vyumba vya mawe kutoka Lamu hata Kilwa ni virefu na vyembamba. Mtu awaye yote atazamaye ramani ya nyumba za Songo Mnara ataiona sheria ya mkoko imeandikwa humo. Paa la boriti ni bapa, tena halihitaji umbo la kufikiriwa. Tao na kuba ni jambo jingine: hapo fundi lazima awe na mkato akilini, na awe na namna ya kuutoa akilini na kuusimamisha hewani mpaka chokaa ishike.

Namna hiyo ni kiunzi. Mawe madogo ya matumbawe yaliyotiwa katika chokaa hayana nguvu yoyote siku ya kwanza. Chokaa ya kuchomwa kwa kuni katika tanuu hukauka polepole. Kwa hiyo tao refu hujengwa juu ya mbao zilizopindwa kwa mfano wa tao lenyewe. Na hapa ndipo ninapoona ujamaa wa karibu kabisa na programu za leo. Tao refu la Kilwa ni mche ulio mtupu ndani: mkato mmoja, uliosukumwa kutoka nguzo hadi nguzo. Fundi akiisha kutengeneza kigezo kimoja cha mbao, aweza kukisogeza mbele na kujenga tena, na mkato utabaki ule ule. Ni hesabu ya gharama pia, maana mbao za kiunzi na saa za seremala zina bei, na umbo linalorudiwa ni rahisi kuliko umbo lisilorudiwa. Kompyuta haina bei ya mbao, walakini mazoea ya kupenda mkato mmoja yamebaki.

Neno zege lina kisa chake hapa. Leo kila mtu hulitumia kwa mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto. Lakini katika msamiati wa zamani zege ni kuba au paa lililopindika. Jina la umbo limegeuka kuwa jina la kitu cha kujengea, na sababu yaonekana wazi kwa mtu aliyelitazama paa la Kilwa kwa chini: pwani hii umbo hilo halikuwa na njia nyingine ya kupatikana ila kwa kumwaga mawe na chokaa juu ya kiunzi. Neno limehama, ila limehama hatua moja tu.

Nguzo za Kilwa zina pembe nane, nazo zastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kuchora umbo la pembe nane zilizo sawa si kazi ya kubahatisha. Iko njia isiyohitaji kitu ila kamba: chora mraba, pima nusu ya mstari uendao kutoka kona hadi kona, kisha toka kila kona kwa kipimo hicho utie alama katika pande mbili zinazokutana hapo, utapata alama nane, na hizo ndizo pembe. Asiyetaka kutumia kamba aweza kutumia hesabu. Akiwa na mraba wa wanda 17, aache 5, achukue 7, aache 5. Upande ulionyooka utakuwa na wanda 7, na upande wa kona utakuwa na wanda 7 na sehemu 7 katika mia, tofauti ambayo patasi haiwezi kuiona katika tumbawe. Siwezi kuonyesha ni ipi kati ya njia hizi waliyoifuata. Neno langu ni kwamba kila mojawapo ni mchoro wenye masharti: pande nane sawa, pembe nane sawa, upana wa kiasi fulani. Badili upana, na mchoro mzima hubadilika bila kuharibika. Ndivyo hasa programu zifanyavyo, na wauzaji wake huitangaza sifa hiyo kama kwamba haikujulikana kabla yao.

Umbo la pembe nane lina kazi ya pili. Chumba kati ya nguzo nne ni mraba, na kuba chini yake ni duara. Mraba hauingii katika duara ila kwa mpatanishi, naye ni pembe nane: kona za mraba hukatwa kwa mawe yanayochomoza, mraba ukawa pembe nane, na pembe nane ikakaribia duara kiasi cha kuipokea kuba. Mwenye kompyuta hulifanya jambo hili kwa ile njia ya nne, ya kuunganisha mikato tofauti iliyo katika vimo tofauti. Mwashi alilifanya kwa safu za mawe, kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake.

Kuba yenyewe ni gimba la kuzungushwa. Kwa kuba ndogo iliyo nusu ya tufe hutosha kamba moja iliyofungwa katikati, ambayo fundi huizungusha ili kuona kama kila jiwe liko mahali pake. Kwa kuba yenye ncha hapana budi pawe na ubao uliochongwa mkato wa nusu, uzunguke juu ya mti uliosimama. Karibu na Msikiti Mkuu, upande wa kusini-mashariki, palijengwa chumba chenye kuba ambayo wataalamu huihesabu kuwa kubwa kuliko zote za pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka karne ya 19. Mkoko usingaliweza kukifunika chumba hicho. Msikiti Mdogo wa Kuba, uliojengwa karne ya 15 na ambao mtu atokaye Kilwa Masoko kwa mashua huuona ungali umesimama vizuri kuliko majengo mengi ya kisiwa, una vyumba tisa vilivyoezekwa kwa kuba na matao, na juu ya kuba ya katikati kuna nguzo fupi. Ndani yake mafundi walipachika mabakuli ya kigeni yenye rangi katika paa. Mtu aliyepanga kazi ile alikuwa na mche na pia kwa pamoja katika msikiti mmoja, naye alizipanga kwa utaratibu.

Tena ziko kuba ambazo hazikubali kuzungushwa. Baadhi ya zile za Husuni Kubwa zilikuwa na mifuo, yaani zimegawanyika kama vipande vya chungwa lililomenywa. Umbo la namna hiyo, mkato wake hubadilika kila hatua ya mzunguko, na mchoraji wa leo hulazimika kutengeneza kipande kimoja, kisha kukinakili kuuzunguka mhimili. Nadhani fundi wa al-Hasan alifikiri hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuligawa duara bila kubakiza.

Lakini mchoro hausemi kila kitu, na Msikiti Mkuu ulilipia jambo hilo. Nguzo za lile jengo la al-Hasan zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe, lililochongwa pembe nane. Kwa sura zilikuwa kamili. Nguzo ya jiwe moja ni mche halisi kuliko mwingine wowote. Hazikudumu. Jengo lilianguka, na habari za Kilwa zasema kwamba lilikaa gofu mpaka wakati wa Sulaiman bin Muhammad, al-Malik al-Adil, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Likajengwa upya, na safari hii nguzo zikafanywa kwa mawe mengi na chokaa, nene zaidi, zenye pembe nane vile vile. Yaani mkato uliachwa kama ulivyokuwa, upana ukaongezwa, na maungo ya ndani yakabadilishwa. Jiwe la tumbawe hukatwa baharini likiwa laini, likagumu hewani. Ni zuri kwa kuchongwa nakshi za kibula, bali likisimamishwa jembamba chini ya paa la mawe ni hatari. Umbo bapa lina urefu na upana, halina uzito. Mhandisi wa leo hulijua jambo hilo, ndiyo maana baada ya kulichora gimba hulipa kwanza sifa za chuma au za zege, kisha hulijaribu kwa hesabu za mkazo. Wajenzi wa Kilwa walilijaribu kwa kulijenga.

Ziko kazi za mikono pwani hii ambazo hazimo katika habari hii, nazo zatufundisha mpaka wa kanuni yenyewe. Waunda vyombo wa pwani ya Kilwa na Lindi, wa mashua na majahazi, kwa desturi yao hawakuanza na mkato. Walilaza mkuku, wakasimamisha miti ya mbele na nyuma, kisha wakapandisha mbao za ubavu moja baada ya moja kwa kuzipinda na kuzikadiria kwa jicho. Mataruma yakaingia baadaye, yakichongwa kulifuata ganda ambalo limekwisha kuwapo. Hapa ganda huzaa mkato, si mkato kuzaa ganda. Huko Ulaya karakana za meli zilifuata njia ya kinyume, wakichora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya ghorofa. Na jina la Kiingereza la ile njia ya nne ya kompyuta limetokana na ghorofa hiyo. Basi ukimwambia fundi wa jahazi kwamba kila gimba huanza na umbo bapa, atakucheka, naye ana haki.

Yafaa sasa kuiangalia safari ya pili ya mstari wa Kilwa, kwa maana mstari huo umechorwa mara mbili: mara ya kwanza na waliojenga, mara ya pili na waliochimbua. Neville Chittick alianza uchimbaji wa Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950, akaendelea katika miaka ya 1960 alipokuwa mkuu wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika ya Mashariki. Kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili kilitoka mwaka 1974. Peter Garlake, ambaye kwa asili ya kazi yake alikuwa msanifu wa majengo, alipima misikiti na majumba ya pwani na kuyachapisha mwaka 1966, kwa ramani, mikato na michoro ya nakshi iliyopigwa kwa wino. Mwaka 1963, katikati ya kazi hizo, Ivan Sutherland huko Massachusetts aliwasilisha programu yake iliyomwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, na kuipa mistari masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ian Braid wa Cambridge alionyesha jinsi kompyuta iwezavyo kuweka kumbukumbu ya gimba zima, na mwishoni mwa miaka ya 1980 programu ya Samuel Geisberg na wenzake ikaifanya njia ya mchoro wenye masharti kuwa kazi ya kila siku viwandani.

Michoro ya Garlake ingali ndiyo kitangulizi cha kila anayetaka kuisimamisha Kilwa katika kompyuta. Mkato aliouchora yeye husukumwa, ukawa tao. Nusu ya kuba aliyoichora huzungushwa, ikawa kuba. Kazi hiyo huchukua saa chache, na matokeo yake hupendeza. Ndipo tahadhari yangu inapoingia. Sehemu ya paa la Msikiti Mkuu imesimama na sehemu imeanguka. Mchoraji akiisha kupata mkato mmoja uliobaki, hushawishika kuusukuma mpaka mwisho wa jengo, na paa zima likarudi katika kufumba na kufumbua, bila alama ya kuonyesha mahali ushahidi ulipokoma na makisio yalipoanza. Wino ulikuwa na adabu katika jambo hili: Garlake na wenzake walikuwa na mstari wa nukta nukta kwa kitu kilichokisiwa. Gimba la kompyuta halina nukta. Lote lina rangi moja, na mtazamaji wa makumbusho huamini ameiona Kilwa ya mwaka 1330.

Iko njia nyingine ambayo haianzi na mkato. Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya uongozi wa Profesa Heinz Rüther, kilikuja kuyapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mionzi ya leza katika mradi uitwao Zamani. Chombo hicho hakina dhana ya mche wala pia; hukusanya nukta nyingi mno za uso wa ukuta kama ulivyo, pamoja na ufa, uvimbe na mahali plasta ilipobanduka. Kwa uhifadhi kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwani magofu hayo, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini mwaka 2004, wala hayakutolewa humo mpaka 2014.

Watu huuliza ni ipi iliyo kweli zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo halifai kuulizwa hivyo. Nukta za leza hutuambia jiwe liko wapi. Hazituambii fundi alitaka liwe wapi. Kuba ya mawe na chokaa haikosi kupotoka, na pengo lililoko kati ya kuba kamili ya mchoro na kuba iliyosimama ndimo ilimo habari ya kiunzi, ya kamba iliyolegea, na ya karne kadhaa za mvua. Pengo hilo halionekani kwa mwenye nukta peke yake wala kwa mwenye mkato peke yake. Sharti mtu achore umbo alilolikusudia fundi, kisha aliweke juu ya nukta, apime. Kwa hiyo nakataa wazo la wale wanaosema kwamba uchoraji wa mikato umepitwa na wakati kwa sababu leza imekuja.

Nimebakiza majina. Kwa gimba la njia ya kwanza tuna mche, na kwa kitendo chake naona kutoa mche kwafaa kuliko kurefusha, kwa kuwa kamba pia hurefushwa bila kuwa gimba. Kwa njia ya pili liko neno lililo tayari kabisa, nalo ni kukereza. Kamusi za zamani zimelihifadhi kwa kazi ya kuchonga mti unaozungushwa, kama ilivyofanywa miguu ya vitanda, na mwenye kuifanya akaitwa mkereza. Hakuna lugha iwezayo kutaka kitenzi kilicho sahihi zaidi. Nastaajabu kwamba wengine wamependelea kuzungusha, ambalo halitofautishi kuligeuza gimba lililokwisha kuwapo na kulizaa gimba jipya. Mhimili ubaki mhimili. Kwa ile mistari inayofungwa kwa masharti, neno kigezo lingefaa kwa mchoro mzima, maana seremala na mwashi hulijua kwa ubao wa kufuatisha; na tundu lililoachwa katika mchoro usiofungika liitwe upenyo. Njia ya tatu ni ile ya mpiga plasta anayevuta ubao wenye meno juu ya chokaa mbichi ili kupata ukingo wa mfereji, kuburura chatosha.

Njia ya nne ndiyo yenye mgogoro. Wako watakaosema kuunda, kwa kuwa zamani kitenzi hicho kilikuwa hasa cha waunda vyombo, na kiunzi ni mtoto wake. Lakini siku hizi watu huunda kamati, huunda sera, huunda maneno. Kitenzi kimepanuka hata hakishiki tena ubao. Tena, kama ilivyoelezwa, fundi wa jahazi hakuanza na mikato, basi kumsingizia njia ya karakana za Ulaya kwa sababu ya jina tu kungekuwa kuipotosha historia yake. Mimi napendelea kuvika: mikato husimama kama mataruma, na ngozi hupita juu yake kama vazi. Wenye kufanya kazi hiyo kila siku wakiona neno linawakwama mdomoni, walete jingine.